Barua ya wazi: Mliwapasua watoto wetu ngiri kwa matundu, sasa wafuatilieni

Kwa: Mkurugenzi Mtendaji na Bodi ya Wadhamini ya hospitali ya rufaa alikopasuliwa mwanangu

Nakala: Waziri wa Afya, Mganga Mkuu wa Serikali, viongozi wa madaktari bingwa wa upasuaji wa watoto nchini

YAH: KUTOFUATILIWA KWA WATOTO WALIOFANYIWA UPASUAJI WA NGIRI YA KINENA KWA NJIA YA MATUNDU

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali rejea mada tajwa hapo juu. Rejea pia barua yangu ambayo masjala yenu iliipokea na kuipiga muhuri, pamoja na malalamiko niliyoyaacha dirisha la huduma kwa wateja, ambako niliambiwa kwa upole mkubwa kwamba "yanafanyiwa kazi". Umepita muda wa kupanda mahindi na kuyavuna, jibu hakuna. Ndiyo maana leo naandika mbele ya watu.

Jina la hospitali sikulitaja, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Ninyi mnajijua. Ninachokidai kinazihusu pia hospitali nyingine zinazofanya upasuaji huu, na sitaki msomaji adhani tatizo lina anwani moja tu.

Niseme mapema mambo ambayo siyalalamikii, ili tusipotezeane muda. Silalamiki kwamba mwanangu alipasuliwa. Ngiri ya kinena kwa mtoto haiponi yenyewe. Ile ya kitovu, kwa watoto wengi hujifunga yenyewe kabla ya kuanza shule. Hii ya kinena ni njia iliyotakiwa kuziba mtoto anapokaribia kuzaliwa au muda mfupi baadaye, ikabaki wazi, na utumbo unaweza kushuka humo ukanasa. Hatari ya kunasa ni kubwa zaidi katika mwaka wa kwanza wa maisha. Kwa hiyo mzazi unayesoma hapa, usiitumie barua yangu kuahirisha tarehe ya mtoto wako. Uvimbe ukiwa mgumu, ukiuma, ukakataa kurudi ndani na mtoto akaanza kutapika, hiyo ni safari ya hospitali usiku huohuo. Mikanda ya kufunga kiunoni na dawa za mizizi haziwezi kuziba njia hiyo.

Wala siyalaumu matundu yenyewe, yaani upasuaji wa kupitisha kamera na vifaa vyembamba kwenye matundu madogo ya tumbo. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba kamera imewasaidia watoto wengi duniani, hasa wenye ngiri pande zote mbili, wasichana ambao kifuko cha mayai hushuka ndani ya ngiri, na watoto ambao ngiri imejirudia baada ya kupasuliwa kwa njia ya kawaida, kwa kuwa daktari anaingilia upande usio na kovu. Siku mlipozindua chumba kipya cha upasuaji, vyombo vya habari vilialikwa, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliofurahi kuona habari ile.

Malalamiko yangu yanaanzia pale mtoto anapotoka getini. Mmeanzisha upasuaji ambao matokeo yake ya kweli huonekana baada ya miaka, halafu mnamwangalia mtoto kwa majuma machache tu na kufunga faili.

Mwanangu alipasuliwa kwenu kabla hajatimiza miaka miwili, ngiri ya upande wa kulia. Tuliambiwa ni upasuaji wa kisasa, matundu madogo matatu, kovu halitaonekana, kesho yake tutalala nyumbani. Yote yalikuwa kweli. Tuliitwa kliniki mara moja kukaguliwa kidonda, kikakutwa kimekauka, muuguzi akatupongeza, tukaambiwa tumemaliza. Mwaka uliofuata uvimbe ulijitokeza palepale. Tulipowarudia, daktari wa zamu alisema hiyo ni ngiri mpya, faili halikuonekana, tukapewa tarehe ya mbali. Tukaenda kwingine. Huko alipasuliwa kwa njia ya kawaida, akapona, na sasa anacheza mpira sebuleni na kunivunjia vyombo. Kwa afya yake leo sina kinyongo na mtu. Zifuatazo ni hoja zangu.

1. Hamjui ni ngiri ngapi zimerudi.

Niliuliza swali moja: tangu mlipoanza kutumia kamera, watoto wangapi ngiri zao zimejirudia? Jibu la mdomo lilikuwa "ni wachache sana". Mimi ni mhasibu. Mtu akiniambia fedha iliyopungua kwenye kasha ni "kidogo sana" bila kunionyesha daftari, najua hajahesabu.

Wenzenu wanahesabu. Mwaka 2006 daktari Felix Schier wa Ujerumani, mmoja wa waliotangulia kuwapasua watoto ngiri kwa kamera, alitoa hadharani matokeo ya watoto 542 aliowapasua mwenyewe. Ngiri zilijirudia kwa asilimia 4.1. Mwaka huohuo madaktari wa Japani walitoa matokeo ya ngiri 972 zilizozibwa katika hospitali 3. Wao hutumia namna nyingine ya matundu, ambamo uzi huzungushwa nje ya utando wa tumbo kwa sindano maalumu inayopenya kwenye ngozi. Walipata asilimia 0.73. Upasuaji wa kawaida, wa kuchana sentimita mbili tatu kwenye mkunjo wa kinena, ukiwa mikononi mwa bingwa wa watoto mara nyingi huwa karibu na asilimia 1.

Najua namba hizi haziwekwi kwenye mizani moja hivihivi. Watoto walitofautiana, na muda wa kuwafuatilia ulitofautiana. Lakini tofauti ya zaidi ya mara tano kati ya Ujerumani na Japani inatosha kuonyesha kwamba chini ya jina hili moja la "matundu" kuna upasuaji wa aina nyingi. Yuko anayeshona kutokea ndani na yuko anayezungusha uzi kutokea nje. Upo uzi unaoyeyuka na upo usioyeyuka, na kwenye matundu ule unaoyeyuka umehusishwa na ngiri nyingi zaidi kurudi. Yupo daktari aliye kwenye mtoto wake wa kumi na yupo aliye kwenye wa mia tano, na wa kumi hana budi kukosea zaidi. Hilo halina aibu, ni hali ya kazi yoyote ya mikono. Mnapotuambia kwamba upasuaji huu "umethibitishwa duniani", mnatukopesha matokeo ya mikono ya watu wengine. Ya mikono yenu yako wapi?

Na tazameni muda. Karibu nusu ya ngiri zinazojirudia kwa watoto huonekana ndani ya mwaka wa kwanza, na nyingi kati ya zilizobaki ndani ya mwaka wa pili. Nyingine huchelewa zaidi ya hapo. Kliniki yenu ya mwisho hukagua ngozi kabla hata mwezi haujapinduka vizuri. Hospitali isiyomwita mtoto tena itaandika sifuri kila mwaka, na mtoto aliyekwenda kutibiwa kwingine, kama wangu, ataendelea kuhesabiwa kwenu miongoni mwa waliopona.

2. Mzazi hapewi maandishi ya kilichofanyika ndani ya tumbo la mwanawe.

Daktari wa hospitali ya pili alituuliza maswali matatu tu. Walishona kwa njia gani? Kwa uzi upi? Upande wa kushoto waliukuta wazi au umefungwa, na kama ulikuwa wazi waliufanyaje? Karatasi ya ruhusa tuliyokuwa nayo ilisema "upasuaji wa ngiri, hali nzuri", na chini yake dawa ya maumivu. Daktari yule aliikunja taratibu akaturudishia, akasema ataona mwenyewe atakapofika.

Hapo sizungumzii vifaa wala fedha. Mambo hayo matatu yanaingia kwenye mistari miwili ya kalamu.

3. Upande wa pili.

Hili linastahili wazazi walielewe vizuri, kwa sababu ndipo kamera inapotoa sifa yake kubwa na ndipo pia inapoleta mtihani. Kamera ikishaingia kwa ngiri ya kulia, daktari anaona na kushoto. Kwa takriban mtoto mmoja kati ya watatu atakuta njia ya upande wa pili nayo iko wazi. Wengi wetu tukisikia hivyo tungesema: fungeni huko huko, mtoto asilale mezani mara mbili. Lakini uwazi si ngiri. Watoto waliopasuliwa upande mmoja na kuachwa, wanaokuja kupata ngiri upande wa pili baadaye ni kama 7 kati ya 100. Kwa hiyo ukifunga kila uwazi unaouona, utawashona watoto wengi ambao wasingeugua kamwe, na kwa mvulana kila mshono huo unapita jirani kabisa na mrija wa mbegu na mishipa ya damu ya korodani.

Yupo daktari atakayesema ni bora kufunga na yupo atakayesema ni bora kuacha. Wote wana hoja, na hata mabingwa wa dunia hawajamaliza ubishi huu. Mimi binafsi ningeomba wa kwangu aachwe, hasa kwa kuwa tunaishi karibu na hospitali. Mama anayeishi siku nzima ya basi kutoka kwa bingwa angekuwa na haki ya kusema vingine. Nisichokubali ni uamuzi huo kufanywa bila sisi kuulizwa kabla. Fomu ya ridhaa niliyosaini ilitaja upande wa kulia. Mpaka leo sijui kama wa kushoto uliguswa.

4. Korodani, na uzazi wa kesho.

Mvulana aliyepasuliwa ngiri anahitaji kuangaliwa korodani zake baadaye: ziko mahali pake, zina ukubwa unaolingana, hakuna iliyopanda juu? Korodani inaweza kuvutwa na kovu ikapanda, na ikigunduliwa mapema hurekebishwa. Inaweza pia, mara chache, kukosa damu na kusinyaa. Yote mawili hugunduliwa na daktari au muuguzi mwenye mikono ya joto, bila mashine yoyote. Hatukuitwa kwa ajili hiyo.

Mrija wa mbegu ni suala gumu zaidi, kwa sababu ukiumia hauumi wala hauvimbi. Mtu atakuja kujua akiwa ameoa, tena pengine asijue kabisa kama wa upande wa pili unafanya kazi. Japani walianza njia yao mwaka 1995, na upasuaji wa matundu kwa wavulana ulianza kuenea kwingine mwishoni mwa miaka ya 1990. Hesabuni wenyewe: wavulana wa mwanzo kabisa duniani ndio kwanza wako kwenye umri wa kuwa baba. Upasuaji wa kawaida una vizazi kadhaa vya wanaume waliokwishazaa na waliokosa, wanaoweza kuulizwa. Matundu ndiyo kwanza yanaanza kupata wa kuuliza. Kama sisi huku hatuandiki majina ya watoto wetu leo, mwaka 2045 hatutakuwa na wa kumuuliza.

5. Ngiri ikirudi, nusu kaputi nayo inarudi.

Mzazi yeyote anaogopa nusu kaputi kuliko kisu. Hapa kuna habari njema ambayo hospitali ingeweza kutupa na haikutupa. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti wa watoto wachanga 722, katika hospitali 28 za nchi 7, wote wakiwa wamepasuliwa ngiri ya kinena. Wengine walipewa nusu kaputi isiyofikia saa moja, wengine ganzi ya chini ya mgongo wakiwa macho. Walipopimwa akili wakiwa na miaka mitano, hawakutofautiana. Ningepewa habari hiyo kwa dakika mbili kabla ya kusaini, ningelala usiku ule.

Ila utafiti ule ulihusu nusu kaputi moja, fupi. Tahadhari iliyotolewa na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2016 ilihusu watoto wa chini ya miaka mitatu wanaopewa nusu kaputi kwa zaidi ya saa tatu au kwa kurudiwarudiwa. Matundu kwa kawaida yanahitaji nusu kaputi kamili na mpira wa kupumulia, kwa kuwa tumbo hujazwa gesi. Kwa hiyo kila ngiri inayojirudia ina gharama ambayo haimo kwenye bili, na ndiyo sababu nyingine ya kutaka kujua zinarudi ngapi.

6. Watoto njiti.

Njiti ndio wanaopata ngiri hizi zaidi ya wote. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti wa hospitali 39 za Marekani uliolinganisha kuwapasua njiti kabla hawajatoka wodini na kuwasubiri wakue hadi wiki 55 kuhesabu tangu hedhi ya mwisho ya mama. Waliopasuliwa mapema walipata matatizo makubwa kwa asilimia 28, waliosubirishwa asilimia 18. Wa Marekani anasubiri akiwa na gari la wagonjwa dakika chache kutoka nyumbani kwao. Njiti wa kijijini kwetu akisubiri, anasubiria mbali. Je, mmepima lipi ni salama kwa hapa? Kama mnalo jibu, liandikeni. Kama mnafuata tu mazoea ya aliyewafundisha, mtuambie hivyo.

Sasa naomba nijibu mapema yale ambayo najua yatasemwa kikaoni.

Itasemwa kwamba wazazi ndio hawarudi kliniki. Ni kweli wengi hawarudi, hasa wakiambiwa wamemaliza. Lakini ujumbe wenye namba ya malipo hutufikia kwenye simu kabla hatujashuka ngazi. Mfumo unaoweza kunidai unaweza pia kunikumbusha. Na mtoto wa nchi hii hupelekwa kliniki ya mama na mtoto kupimwa uzito mpaka atimize miaka mitano, akiwa na kadi yake. Anavuliwa nguo, anavalishwa kile kikaptula, ananing'inizwa kwenye mzani, analia. Mtoto akilia tumbo hukaza, na ngiri kama ipo hujitokeza. Sijui kama kuna mahali bora zaidi pa kuikagua kuliko pale. Inatosha hospitali iandike kwenye kadi ile: "Amepasuliwa ngiri kulia, kagua kinena na korodani." Muuguzi wa zahanati atafanya yaliyobaki, akipewa namba ya kupiga akiona jambo.

Itasemwa hakuna bajeti. Uswidi ilipoanzisha daftari la taifa la ngiri mwaka 1992, kwa wagonjwa watu wazima, ilianza na hospitali 8 tu. Sidai daftari la Uswidi. Nadai jedwali moja kwenye kompyuta mliyonayo, lenye umri, upande, njia iliyotumika, aina ya uzi, aliyepasua, na hali ya mtoto baada ya mwaka mmoja, miwili na mitano. Madaktari wanaosomea ubingwa kupitia chuo cha upasuaji cha nchi za Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, chenye makao makuu Arusha, tayari hutakiwa kujaza kila upasuaji wanaoshiriki kwenye daftari la kielektroniki. Tabia ya kuandika mnayo. Mnaiachia mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

Itasemwa kwamba namba hizi zitawatisha wazazi wakimbilie kwa waganga. Naona mambo ni kinyume. Mzazi hukimbia anapoambiwa "amepona kabisa" halafu uvimbe ukarudi bila mtu kumweleza kwamba hilo hutokea kwa wachache na lina dawa. Mama mmoja niliyekaa naye benchi alidhani amerogwa. Angeambiwa mapema kwamba kati ya watoto mia, wawili au watatu hurudi mezani, angefunga safari kuja kwenu badala ya kwingine.

Na itasemwa kwamba hospitali ya rufaa hupokea watoto wagumu, njiti na waliokwisha nasa, kwa hiyo namba zake zitaonekana mbaya mbele ya hospitali binafsi. Hoja hii ndiyo pekee inayonipa taabu, kwa sababu ina ukweli. Jibu lake ni kuzitenga: njiti peke yao, waliopasuliwa kwa dharura peke yao, waliobaki peke yao. Mtu mwenye akili timamu hatawalinganisha.

Sigusi hapa malipo, msamaha wala bima, ingawa najua kuna wazazi wangetaka niyaseme. Hayo yana barua yake.

Ndugu Mkurugenzi, ninachoomba ni hiki:

a) Kila mtoto aliyepasuliwa ngiri kwenu kwa matundu tangu mlipoanza atafutwe kwa simu iliyo kwenye faili lake, aitwe kukaguliwa kinena na korodani bila malipo. Anzeni na waliopasuliwa miaka miwili iliyopita.

b) Karatasi ya ruhusa itaje njia iliyotumika, uzi, na upande wa pili ulikutwaje na ulifanyweje. Hili linaweza kuanza Jumatatu ijayo.

c) Fomu ya ridhaa iwe na swali la upande wa pili, kwa Kiswahili, na mzazi aelezwe kwamba upasuaji wa kawaida nao upo, ni mzuri, na ana haki ya kuuchagua.

d) Matokeo yenu ya ngiri kwa watoto yabandikwe kila mwaka kwenye ubao wa matangazo wa hospitali, hata kama ni mabaya, bila jina la mtoto wala la daktari.

e) Kwa Waziri na Mganga Mkuu: hospitali isipewe kifaa kipya cha upasuaji wa watoto kwa fedha ya umma bila utaratibu wa maandishi wa kuwafuatilia watakaopasuliwa nacho. Taifa lilijiwekea mpango wa huduma za upasuaji wa mwaka 2018 hadi 2025. Mpango unaofuata uwe na mstari huu.

Naomba majibu ya maandishi kuhusu (a) hadi (d) kabla ya mwaka wa fedha mpya kuanza tarehe 1 Julai, ili kisingizio cha bajeti kisije kikaletwa tena mwezi Agosti. Nikialikwa kikaoni nitakuja, na nitakuja na wazazi wenzangu walio tayari kuwaleta watoto wao wakaguliwe siku yoyote ya kazi mtakayoipanga. Daktari aliyempasua mwanangu naomba asiadhibiwe kwa ajili ya barua hii. Alifanya kazi yake, na nina hakika hata yeye hajui kama mshono wake ulidumu, kwa kuwa hakuna aliyemwambia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mama wa mtoto aliyepasuliwa kwenu, kwa niaba yangu na ya wazazi wenzangu walioridhia barua hii